Nimezaa Mkono

Nianze na picha, maana ugomvi wote ulianzia hapo. Dada yangu ana picha saba za binti yake akiwa jukwaani, amezipanga juu ya kabati la vyombo sebuleni, na katika zote saba binti haonekani. Anaonekana mwimbaji aliyefumba macho, au mpiga fidla aliyekunja uso kama anang'olewa jino, na pembeni kabisa, pale picha inapoishia, unaonekana mkono mmoja ulionyooshwa. Huo mkono ndio mpwa wangu. Mgeni akiuliza, dada hujibu bila hata kutabasamu: "Mimi nimezalisha wanawake wa mji huu miaka ishirini, watoto wazima kabisa, na mimi mwenyewe nikazaa mkono." Dada ni mkunga, kwa hiyo anaruhusiwa utani wa namna hiyo.

Niwaeleze huo mkono. Mpiga piano anayemsindikiza mwimbaji au mpiga fidla ana desturi moja asiyoweza kuiacha. Wimbo ukiisha, watu wakianza kupiga makofi, anasimama pale alipo na kumnyooshea mkono yule mwenzake aliyesimama kwenye mkunjo wa piano, pale ubavu wake unapopinda kuingia ndani, kana kwamba anasema, mpigieni huyu, mimi nilikuwepo tu. Na mpiga picha naye, kama wapiga picha wote, anaelekeza kamera kule mkono unakoelekeza. Ndivyo nilivyopata mpwa asiye na kichwa.

Mimi ni mjomba wake, tumbo moja na mama yake, na ni fundi wa piano. Sipigi piano. Nazikaza nyuzi zake, nazilegeza, nabadilisha vitambaa vilivyochakaa ndani yake, kisha naondoka kabla watu hawajaja kuziharibu tena. Kila kiangazi chuo kimoja cha ualimu kikifunga kwa likizo ndefu, majengo yake yanageuka kuwa tamasha la muziki kwa wiki tatu. Vijana zaidi ya mia moja wanalala mabwenini, madawati yanapandishwa moja juu ya jingine koridoni, na kila darasa linawekwa piano. Piano kumi na nne. Joto la mchana linazivuruga zote, asubuhi naanza upya na namba moja. Kuna wajinga wanaoweka chupa za soda juu ya piano. Niliandika tangazo la kuwakataza, wakaweka soda juu ya tangazo. Sasa mnaelewa kwa nini watu wanasema nina hasira za karibu.

Mpwa wangu anaitwa Chapu. Si jina lake la cheti, ila hata walimu wake hawalijui hilo la cheti. Aliitwa hivyo tangu shule ya msingi, kwa kuwa alikula chapuchapu, akatembea chapuchapu, na alipoanza kusoma noti, akazisoma chapuchapu kuliko watu wazima. Sasa ana miaka ishirini na moja. Mpe karatasi ya muziki ambayo hajawahi kuiona saa mbili asubuhi. Saa mbili na nusu anaipiga kama alizaliwa nayo. Ndiyo maana kila mtu anamtaka.

Kumtaka kwenyewe kuna utaratibu. Nje ya ofisi ya tamasha kuna ubao mkubwa wa chaki wenye namba za vyumba na saa za siku. Mtu akihitaji kusindikizwa, anaandika pale chombo chake na jina la mpiga piano anayemtaka. Wapiga piano wapo watano. Lakini kiangazi ninachokisimulia ubao ulijaa jina la Chapu kama mtoto mwenye surua. Saa moja mpiga filimbi, chumba cha pili. Saa mbili mpiga selo, ile fidla kubwa inayopigwa umekaa, chumba cha kumi na moja, ghorofa ya juu. Saa tatu mwimbaji mmoja mrefu mno, ambaye kila mtu alimwita Mlingoti, chumba cha sita. Na kadhalika mpaka jua lizame. Chakula cha mchana alikula kwenye ngazi, mkate mkono mmoja, yai mkono mwingine, noti zimebanwa kwapani.

"Kaa chini ule kama binadamu," nilimwambia siku moja nilipokutana naye ngazini na sanduku langu la vifaa.

"Shikamoo mjomba. Nikikaa, mpiga selo atalia."

"Marahaba. Mwache alie."

"Akilia mikono inamtetemeka, na mikono ikitetemeka nitapiga naye mara mbili zaidi. Ni hesabu tu." Akameza yai. "Bila mimi hapa hamna tamasha, mjomba." Alicheka, lakini alisema kweli, na alijua kuwa ni kweli.

Hakuwa anajisifu bure. Aliwafahamu wote. Alijua mpiga filimbi akiogopa anakimbia, kwa hiyo alimshika kwa mkono wa kushoto, polepole, mpaka atulie. Alijua mpiga selo anavuta hewa puani kabla ya kuanza, na alimsikia hata akiwa amempa mgongo. Mlingoti yeye alikuwa anainua mabega. "Mtu husikilizi vidole vyake," aliniambia, "unasikiliza pumzi. Ukiisikia pumzi yake, huwezi kumpoteza." Mimi nimesikiliza nyuzi tangu ujana wangu, pumzi sijawahi.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe. Siku ya kufunga tamasha, Jumapili alasiri, mpiga piano mmoja hupewa nafasi ya kupiga peke yake. Mmoja tu. Hakuna fidla mbele yake, hakuna mwimbaji, ni yeye na piano kubwa ya ukumbini. Anayechagua ni mwalimu mkuu wa piano, bibi mmoja mdogo wa umbo anayevaa sweta hata kwenye joto la kuyeyusha mishumaa, ambaye wanafunzi wanamwita Mama Tena kwa sababu neno lake ni hilo moja. Ukipiga vibaya, "Tena." Ukipiga vizuri, "Tena."

Na Chapu, kabla hata hajasikilizwa, alimpigia mama yake simu.

"Mama, omba ruhusa kazini. Jumapili ya mwisho njoo na simu yako yenye kamera. Safari hii utanipiga picha nikiwa mzima."

Dada aliomba ruhusa siku ileile. Akashona na gauni. Aliponiambia, nilimtafuta Chapu vyumba vinne mpaka nikampata.

"Hujachaguliwa, umeshamwita mama yako?"

"Nitachaguliwa."

"Nani kakwambia?"

"Mimi." Akarudi kwenye noti zake.

Jumatano saa nne asubuhi wapiga piano wote watano walisikilizwa ukumbini. Mimi nilikuwepo, ile piano kubwa nilikuwa nimeitengeneza tangu alfajiri, na nikajifanya bado natafuta kitu sandukuni. Chapu alipiga kipande cha polepole, cha dakika sita hivi, kizuri sana, kigumu kwa sababu hakina mahali pa kujificha. Hakukosea noti hata moja. Nilikuwa tayari kupiga makofi. Mama Tena akavua miwani.

"Vidole safi," alisema. "Unamsubiri nani?"

Chapu hakuelewa. Wala mimi sikuelewa, kwa sekunde chache.

"Kila ukimaliza sentensi unafungua mlango na kusimama pembeni," alisema Mama Tena. "Unasubiri mtu avute pumzi. Nani? Sioni mtu hapa."

Vijana waliokaa nyuma walicheka. Nilitamani kuwatupia ufunguo wangu wa nyuzi. Lakini bibi alikuwa ameona sawasawa, na aliponionyesha nami nikasikia: wiki mbili nzima za kuwasubiri wenzake zilikuwa zimemwingia mpwa wangu mwilini. Mwisho wa kila sentensi kulikuwa na nafasi, ndogo, yenye ukubwa wa mabega ya Mlingoti, na hakuna aliyeijaza. Muziki ulisimama mlangoni ukakaribisha hewa.

Mama Tena alibakiza wawili, Chapu na kijana mmoja mwenye miwani minene aliyepiga kwa nguvu kama anayekanda unga. "Ijumaa saa nne," alisema. "Tena."

Nilimngoja nje. Nilikuwa na ushauri tayari, na kwa maoni yangu ulikuwa ushauri wa akili.

"Achana na hawa watu siku mbili. Jifungie, piga peke yako mpaka uwasahau."

"Mlingoti anaimba Ijumaa jioni. Selo Alhamisi. Nimewaahidi."

"Na mama yako umemwahidi nini?"

Aliangalia vidole vyake.

"Vyote viwili, mjomba," alisema mwishoni. "Nitafanya vyote viwili."

Kichwa kigumu. Ni cha ukoo wetu, najua, lakini damu ilinichemka. Sasa nasema nilichofanya, na sitajificha nyuma ya nia njema. Alhamisi asubuhi, kabla mtu yeyote hajaamka, nilichukua kitambaa kibichi nikaenda kwenye ule ubao na kufuta jina la Chapu kila lilipokuwa. Alhamisi yote, Ijumaa yote. Nilifuta vizuri, kama fundi. Kisha nikaingia chumba cha saba kukaza nyuzi, nikijiona nimefanya la maana.

Kufikia saa moja na nusu korido ilikuwa kama soko. Mpiga filimbi alikuwa akizunguka anauliza kila mtu kama Chapu anaumwa. Mpiga selo, yule wa kulia, alikuwa analia. Wapiga piano wengine wanne walivutwa mashati huku na huku. Mlingoti alisimama mbele ya ubao mikono kiunoni, hasemi neno. Na Chapu aliyeshuka ngazi mbilimbili aliutazama ubao, akatazama sakafuni, akafuata matone ya maji mpaka mlangoni kwangu. Kitambaa kilikuwa bado kinachuruzika juu ya sanduku.

Alinipa vidonge vyangu, nami nikavimeza.

"Mjomba, hizi piano nikizigusa bila kukuuliza unakasirika. Nikihamisha hata kiti unakasirika. Hao ni watu! Umewafuta watu!"

"Nimekufuta wewe, mama, upumzike."

"Mimi ndio hao!" Sauti yake ilipasuka. "Unafikiri nawabeba? Wananifundisha. Ukiniondolea hao nitabaki na nini? Vidole kumi. Kijana wa miwani naye ana kumi."

Akachukua chaki mfukoni mwangu, maana nami hutembea na chaki, akaenda kuandika jina lake upya, mahali pote palepale, kwa kumbukumbu, bila kukosea hata saa moja. Nilibaki na ufunguo mkononi. Niliona haya, na mtu wa umri wangu haoni haya kwa urahisi.

Saa tatu Mlingoti aliingia chumba cha sita, jirani na nilipokuwa. Ukuta kati ya vyumba vile ni wa mbao nyembamba, unasikia hata mtu akikuna kichwa. Nikasikia Chapu anamsalimia, halafu kimya, halafu karatasi inachanwa. Kumbe Mlingoti alikuwa anaumwa koo. Daktari alikuwa amemkataza kuimba na hata kuongea mpaka kesho yake jioni, ndiyo maana alisimama mbele ya ubao kama sanamu. Aliandika kila kitu kwenye karatasi.

"Hamna shida," nikamsikia Chapu. "Simama pale pako, imba bila sauti. Mimi nitakupigia sauti yako."

Kwa wasindikizaji hilo ni jambo la kawaida. Mwimbaji akipumzisha koo, mpiga piano anachukua wimbo wake kwa mkono wa kulia, na usindikizaji wote anausukumia mkono wa kushoto. Anamwangalia mwimbaji mdomo na mabega, anamfuata, na mwimbaji anafanya mazoezi akiwa bubu. Nimeyasikia hayo mara mia. Lakini siku ile nilisikiliza kwa masikio ya mtu mwenye hatia, na hayo husikia zaidi.

Mkono wa kulia uliimba. Ulivuta pumzi, ukangoja, ukaingia. Ile nafasi ya Jumatano ilikuwepo, ndogo vilevile, ila sasa kuna mtu alikuwa anapita mlangoni. Wimbo ukafika katikati, ukakatika ghafla.

"Subiri," alisema Chapu. "Ngoja kwanza. Mlingoti, usitoke."

Halafu akaanza kile kipande chake cha dakika sita. Niliweka ufunguo chini. Alianza, akasimama, akaanza tena, mkono wa kulia peke yake, halafu wa kushoto ukaja nyuma yake ukimfuata, ukimsikiliza kama anavyosikilizwa mpiga selo. Alifika mwisho wa sentensi ya kwanza, na muziki ukavuta pumzi wenyewe.

Mlango wangu ukafunguliwa bila hodi.

"Umesikia?"

"Nilikuwa kazini."

"Mjomba, umesikia."

"Nimesikia."

"Siku zote mikono yangu yote miwili inamfuata mtu. Nikikaa peke yangu bado yote miwili inafuata, na mbele hakuna mtu. Kumbe wa kulia ndiye mwimbaji." Alikuwa anacheka na macho yamejaa machozi. "Alikuwepo muda wote. Nilikuwa simwangalii mabega."

Nyuma yake Mlingoti, aliyekatazwa kusema, alikuwa akipiga makofi bila sauti.

Nilimwomba msamaha palepale, mbele ya shahidi. Nilimwambia kwamba ningefanikiwa na kitambaa changu, asingeingia chumba cha sita asubuhi ile, na mimi ndiye ningekuwa nimemkosesha. Akasema, "Basi nisogezee hicho kiti," na nikakisogeza.

Ijumaa saa nne alipiga. Alipomaliza, ukumbi mzima ulikuwa unamwangalia Mama Tena, kila mtu akingoja lile neno lake. Hakulisema. Alichukua kalamu, akaandika kitu kwenye karatasi, akavaa miwani.

"Ameingia," alisema. Kisha akamtazama kijana wa miwani kwa huruma, akampa mkono, na hiyo ndiyo ilikuwa shughuli yote.

Mchana ule Chapu alipiga na watu watano wengine kama kawaida. Jioni Mlingoti alipata sauti yake, akaimba mpaka madirisha yakatikisika, na mwishoni Chapu akasimama akamnyooshea mkono. Mpiga picha wa tamasha akapiga. Mnajua alichopiga.

Jumapili dada alifika mapema kuliko wafagiaji. Gauni jipya, rangi ya chungwa, simu mkononi imechajiwa mpaka inatoa joto. Alikaa safu ya tatu, akanilazimisha nikae kando yake, akaniambia nikikohoa atanikana. Chapu alitoka peke yake. Jukwaa lilionekana kubwa mno, na mkunjo wa piano pale anaposimama mtu ulikuwa mtupu. Chapu hakuwa na wasiwasi wowote. Alirekebisha kiti kwa goti, kama anavyofanya chumba cha pili saa moja asubuhi, akaanza.

Mimi huwa sisikii muziki. Nasikia nyuzi zangu, ipi imelegea, ipi itanisumbua kesho. Dakika sita zile sikusikia uzi hata mmoja. Nilimsikia mpwa wangu akivuta pumzi.

Makofi yakaja yote kwa pamoja. Chapu akasimama. Na hapo, kwa mazoea ya wiki tatu, mkono wake ukanyooka wenyewe kuelekea kwenye mkunjo wa piano, kumkaribisha mwenzake apigiwe makofi. Hapakuwa na mtu.

Makofi yalipungua kidogo. Chapu aliutazama mkono wake kama mtu aliyegundua amefungua mwavuli ndani ya nyumba. Kutoka nyuma Mlingoti, koo limepona kabisa, akaangua kicheko, na ukumbi wote ukamfuata. Hata Mama Tena mabega yalimcheza. Mimi nilifikiri atauficha ule mkono haraka. Hakuuficha. Aliuacha palepale, umenyooka, akacheka nasi, akainama hivyohivyo, na makofi yakarudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Dada alikuwa amesimama juu ya miguu ya watu, analia na kubonyeza simu, anapiga kelele, "Nimempata! Kaka, nimempata mzima!"

Picha ya nane sasa iko katikati ya kabati la vyombo, na zile saba zimesogezwa pembeni, ingawa hajazitoa. Kichwa kipo, miguu ipo, hata viatu vipo. Na mkono umenyooshwa kwenye nafasi tupu. Wageni wanaiangalia, wanainamisha shingo, halafu lazima mmoja aulize ni nani aliyekuwa amesimama pale akakatwa kwenye picha.

"Hakukatwa mtu," dada huwajibu. "Hapo wapo wote."